Ushujaa na Uungwana: Nani Hulipa Gharama?

Kila ifikapo tarehe 25 Julai, viongozi wa Tanzania husimama mbele ya mnara wa mashujaa na kuweka silaha za jadi: mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka, na shada la maua. Jirani zetu wa Kenya huadhimisha siku yao tarehe 20 Oktoba, siku ambayo hadi ilipopatikana Katiba ya mwaka 2010 iliitwa Siku ya Kenyatta, na sasa ni ya mashujaa wote. Ni desturi njema. Taifa lisilowakumbuka waliolifia haliwezi kuwadai walio hai chochote.

Lakini zitazameni zile silaha. Ukiondoa shada la maua, zote ni za vitani. Kalenda zetu zina siku ya shujaa, hazina siku ya muungwana. Na katika mazungumzo ya kila siku maneno haya mawili yameachana kabisa: shujaa ni yule anayepigana, muungwana ni yule mpole asiye na matata. Kijana anayepaza sauti dhidi ya wakubwa huambiwa hana uungwana. Anayezungumza kwa staha huambiwa na wenzake kuwa ni mwoga. Makala haya yanadai kwamba utengano huu hauna msingi katika historia yetu, na kwamba hasara yake twaiona leo maofisini, vyuoni na barabarani.

Maadili ya mpanda farasi

Ulaya ya zama za kati iliunganisha ujasiri, heshima na ulinzi wa wanyonge katika dhana moja. Kwa Kifaransa mwenye sifa hizo aliitwa chevalier, neno linalotokana na cheval, yaani farasi. Waarabu nao waliuita ustadi na mwenendo wa wapiganaji wao furusiyya, kutokana na faras, neno lilelile lililotupatia sisi farasi. Asili hiyo ya maneno inatufunza jambo. Farasi wa vita, vazi la chuma na mafunzo ya tangu utotoni vilihitaji mali nyingi. Mkulima hakuweza kuvipata. Maadili ya mpanda farasi yalikuwa, tangu mwanzo, maadili ya tabaka.

Mfano mmoja unatosha. Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza anayejulikana katika historia kwa jina la Black Prince, alisifiwa na watu wa zama zake kuwa kielelezo cha mpiganaji mwenye heshima. Mwaka 1356, katika mapigano ya Poitiers, alimteka Mfalme John wa Ufaransa. Mwandishi wa tarehe Froissart anasimulia kwamba jioni ile Edward alimwandalia mateka wake karamu, akakataa kuketi naye meza moja kwa heshima, akamhudumia kwa mikono yake mwenyewe. Tendo zuri! Lakini mwaka uliotangulia, Edward huyohuyo aliongoza jeshi lake kusini mwa Ufaransa likichoma vijiji na mashamba, makusudi, ili kumdhoofisha mfalme kwa kuwaangamiza watu wake. Mfalme aliyetekwa alipata karamu, na mkulima asiyebeba silaha akapata moto.

Tusimcheke Edward haraka. Wengi wetu tu waungwana sana mbele ya wenye vyeo sawa na vyetu au vinavyotuzidi. Swali ni jinsi tunavyokuwa mbele ya yule asiyeweza kutulipa wala kutudhuru.

Neno lililobebwa na waliokataliwa nalo

Pwani yetu haikuwa na farasi wa vita wengi, lakini ilikuwa na dhana yake: uungwana. Katika miji ya Lamu, Pate, Mombasa na Unguja, muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye ukoo unaojulikana, nyumba, mavazi ya heshima na lugha safi. Kinyume cha muungwana hakikuwa mshenzi tu, kilikuwa mtumwa. Tukiusifu uungwana leo bila kukumbuka hilo, tunaisafisha historia kupita kiasi. Muungwana aliweza kukaa barazani akiongea taratibu kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa shambani akilima, au kisimani akiteka maji.

Mfumo huo ulivunjwa kwa awamu, na kwa uvivu. Mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa na biashara ya kuwasafirisha baharini ikapigwa marufuku. Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba, lakini masuria waliachwa nje ya amri ile hadi mwaka 1909. Pwani ya Kenya ilisubiri hadi 1907. Tanganyika, baada ya Wajerumani kutawala na kuondoka bila kuufuta utumwa, ilisubiri hadi 1922.

Hata hivyo, neno lenyewe lilikuwa limekwisha kuanza safari yake. Katika karne ya 19, wapagazi na walinzi wa misafara iliyotoka pwani kwenda bara walijiita waungwana. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa bado watumwa kisheria, au watumwa walioachwa huru. Mjini kwao wasingethubutu kujiita hivyo mbele ya wenye nyumba za mawe. Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walijiita hivyo, na watu wakawaita hivyo. Mashariki mwa Kongo hata Kiswahili walichokieneza kikaja kuitwa Kingwana. Watu walionyimwa jina hilo ndio waliolibeba mabegani mwao maelfu ya maili.

Hapo ndipo ninapouona uzito wa methali yetu isemayo kwamba uungwana ni vitendo. Wengi huitumia kumkumbusha mtu adabu. Kihistoria ni kauli nzito zaidi: inakanusha kwamba uungwana ni damu, ukoo au mavazi. Anayetenda kiungwana ndiye muungwana, hata kama baba yake aliuzwa sokoni. Na asiyetenda hivyo si muungwana, hata kama babu yake alijenga msikiti.

Shujaa na kilio

Neno shujaa nalo tumelipokea kutoka Kiarabu, na tumelizungushia hekima yetu wenyewe. Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii husomwa na wengi kama onyo la kumfanya mtu asijitie hatarini. Mimi naisoma pia kama swali la kihesabu. Kilio kinakwenda kwa shujaa, sawa; lakini anayelia ni nani? Shujaa mwenyewe amekwisha kufa. Wanaolia ni mama, mjane na watoto. Ushujaa una bili, na mara nyingi bili hiyo haipelekwi kwa aliyeagiza.

Tumwangalie shujaa mkuu wa fasihi yetu, Fumo Liyongo, kama alivyosimuliwa katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Sote tunakumbuka nguvu zake, upinde wake, na jinsi alivyokufa akiwa amepiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa tayari, hata watu wa mji wakaogopa kwenda kuteka maji. Lakini alitokaje gerezani alipokuwa akingoja kuuawa? Aliokolewa na wanawake wawili. Mama yake alioka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, na kijakazi aliyeitwa Saada akaupitisha mkate huo mbele ya walinzi waliozoea kumnyang'anya vyakula vizuri. Wakauona wishwa, wakaudharau, wakamwacha apite.

Saada angekamatwa, asingekuwa na nguvu za kuvunja pingu wala jina la kumwombea. Alikuwa na la kupoteza kuliko wote katika kisa kile na hakuwa na la kupata. Tunaye shujaa mwenye mitaa na tungo, na tunaye mjakazi anayekumbukwa kama kipande kidogo cha hadithi yake. Kama uungwana ni vitendo, basi katika utenzi huo mtumwa ndiye muungwana.

Songea, 1906

Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, pale watu walipochoka kulimishwa pamba kwa nguvu, kutozwa kodi na kuchapwa viboko. Vikasambaa kusini yote. Gavana wa koloni wakati ule alikuwa Gustav Adolf von Götzen, mtu wa ukoo wa kikabaila mwenye cheo cha Graf, yaani mrithi halali wa maadili yale ya mpanda farasi. Na jeshi lake lilifanya nini liliposhindwa kuumaliza upinzani kwa risasi peke yake? Lilichoma mashamba, visima vya chakula vya familia, yaani maghala, na vijiji. Njaa ilifanya kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 na kufikia hadi 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Kati ya kampeni ya Edward kule Ufaransa na ile ya Götzen kusini mwa Tanganyika kuna miaka 550, lakini kanuni ni ileile: heshima ni kwa walio sawa nasi, moto ni kwa wengine.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 wa Kingoni mjini Songea. Nduna Songea Mbano, ambaye mji ule unabeba jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Hawa walikuwa viongozi. Wangeweza kutafuta usalama wao na kuwaacha wafuasi walipe. Walipelekwa kitanzini kwa jina lao wenyewe. Ndiyo maana Songea huwakumbuka kila mwaka, na ndiyo maana makumbusho yale hayahitaji mapambo mengi.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao wa mashujaa hao na akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyatenda pale. Miaka 117 ni kuchelewa kukubwa, na msamaha ulioombwa kwa maneno hauwezi kurudisha mabaki ya wafu yaliyochukuliwa wala kuondoa madai ya fidia. Haya yanabaki mezani, na yadaiwe. Lakini tuzingatie lililotokea: mwenye nguvu alisafiri hadi kwa wazao wa aliyeonewa, akayataja makosa ya nchi yake kwa jina. Je, serikali zetu wenyewe zimewahi kusafiri umbali mfupi zaidi ya huo kwa kusudi kama hilo?

Waziri aliyechutama

Mara moja, ndiyo. Na kisa hiki watumishi wa umma wanapaswa kukijua kama wanavyozijua kanuni za kudumu za utumishi.

Katikati ya miaka ya 1970, mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikumbwa na mauaji, hasa ya wanawake wazee waliotuhumiwa uchawi. Serikali ilianzisha operesheni ya kuwasaka wauaji. Lengo lilikuwa jema na la lazima: kuwalinda bibi wasio na mtetezi. Lakini katika kulitekeleza, maofisa wa polisi na usalama waliwatesa watuhumiwa, na baadhi ya watuhumiwa wakafa mikononi mwa dola. Habari zilipofika juu, Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuna aliyedai kwamba Mwinyi alimpiga mtu au kuamuru mtu apigwe. Alikuwa Dar es Salaam, kilomita nyingi kutoka kwenye vyumba vile. Mwanzoni mwa mwaka 1977 alijiuzulu. Na hakuwa peke yake. Wakuu wa mikoa husika nao waliachia nafasi zao.

Tuna methali inayofaa hapa kuliko mahali pengine popote: muungwana akivuliwa nguo huchutama. Wizara ilikuwa imevuliwa nguo. Kulikuwa na njia nyingi za kubaki wima. Angeweza kuunda kamati na kungoja watu wasahau. Angeweza kusema kwamba taarifa hazikumfikia, na pengine ingekuwa kweli. Angeweza kumtafuta mkuu wa kituo cha polisi huko Shinyanga na kumbebesha mzigo wote. Badala yake aliuchukua mzigo uliokuwa ukishuka chini akauzuia kwenye meza yake.

Kisa hiki kilichangia kulipa neno la Kiswahili maana yake ya kisiasa. Kuwajibika kwa asili ni kupasika kufanya jambo. Katika siasa ya Tanzania kumekuja kumaanisha pia kuachia ngazi kwa makosa yaliyotokea chini yako. Lakini tutofautishe kuwajibika na kuwajibishwa. Anayewajibishwa amesukumwa, na mara nyingi huondoka akiwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Anayewajibika huondoka kabla hajaambiwa. Mwinyi alikwenda kuwa balozi Misri, akarudi, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na wa Jamhuri ya Muungano mwaka 1985. Wale wanaoamini kwamba kujiuzulu ni kifo cha kisiasa watueleze hilo.

Simaanishi kwamba utawala wake wa baadaye haukosoleki. Umekosolewa, na kwa haki. Wala sisemi kwamba kujiuzulu kwa waziri kuliwafuta machozi waliofiwa. Nasema kwamba tendo lile moja lilikuwa la kishujaa na la kiungwana kwa pamoja, na kwamba hapakuwa na mkuki wala sime.

Mama waliojivua wenyewe

Miaka kumi na mitano baadaye, methali ileile ilipinduliwa jijini Nairobi. Tarehe 28 Februari 1992, kikundi cha akina mama, wengi wao wazee, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, walianza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru Park. Miongoni mwao alikuwa Monica Wamwere, mamake Koigi wa Wamwere. Madai yao yalikuwa mafupi: wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Mahali walipokaa pakaitwa Pembe ya Uhuru.

Tarehe 3 Machi polisi waliwashambulia kwa virungu na mabomu ya machozi. Maathai alipigwa hadi akapoteza fahamu. Ndipo baadhi ya akina mama wakavua nguo zao mbele ya askari. Katika mila za jamii nyingi za Kenya, mama kujiweka uchi mbele ya mtu wa rika la mwanawe ni laana nzito. Askari wenye virungu waligeuza nyuso. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Lakini mama hawa hawakuvuliwa, walijivua, na wakabaki wamesimama. Aliyevuliwa nguo siku ile ni dola.

Walihamia kanisa kuu la All Saints wakaendelea kwa takriban mwaka mzima, hadi wana wao wakaachiliwa hatua kwa hatua kufikia mapema mwaka 1993. Katika picha ya kale ya mpanda farasi, mwanamume ndiye anayemlinda mwanamke, naye hungoja mnarani aje kuokolewa. Pale Nairobi walinzi walikuwa bibi wenye vitambaa vichwani, na waliolindwa walikuwa vijana wenye nguvu zao. Uungwana haufuati jinsia. Unafuata nani ana kitu cha kutoa, na nani anahitaji.

Basi la Mandera

Tarehe 22 Novemba 2014, magaidi wa Al-Shabaab walilisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria kwa dini zao na kuwaua watu 28 wasio Waislamu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, walilisimamisha basi jingine katika kaunti hiyohiyo na kutoa amri ileile: Waislamu huku, wengine kule. Safari hii abiria walikataa. Wanawake wa Kiislamu waliwapa hijabu wenzao Wakristo ili wasitambulike. Watu wakawaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Miongoni mwa waliokataa kutengwa alikuwa Salah Farah, mwalimu wa shule ya msingi na Mwislamu. Alipigwa risasi, na tarehe 18 Januari 2016 akafariki Nairobi alikokuwa akitibiwa.

Hebu tulipime tukio hili. Salah Farah alikuwa amekwisha kupewa nafasi ya kupona. Alichotakiwa kufanya ni kusogea upande mmoja tu. Wale wanawake walikuwa na kitambaa kimoja cha ziada, au wakagawana kilichokuwapo. Hapakuwa na jeshi wala hotuba. Ulikuwepo uamuzi wa sekunde chache wa watu waliokuwa wakirudi majumbani mwao: gharama hii hatutaiacha iwaangukie wale tu ambao imekusudiwa kuwaangukia.

Kipimo kwa leo

Sasa naweza kutoa maana ninayoitumia. Ushujaa ni kukubali kulipa gharama. Uungwana ni kukataa kumtupia gharama hiyo mtu aliye dhaifu kuliko wewe. Shujaa asiye muungwana ni hatari, kwa maana anaweza kupigana vizuri sana kwa maisha ya watu wengine. Muungwana asiye shujaa ni pambo la barazani; atasikitika kwa lugha fasaha huku jirani yake akichukuliwa usiku.

Kwa kipimo hicho, kile kinachohubiriwa mara nyingi kama uungwana mbele ya vijana wetu si uungwana. Kumwambia mwanafunzi anayedai mkopo wake au maelezo ya kutoweka kwa mwenzake kwamba anakosa adabu ni kuugeuza uungwana kuwa kitambaa cha kumfunga mdomo mnyonge. Mzigo wa uungwana huwa mkubwa zaidi kwa mwenye nguvu. Adabu ya mwanafunzi kwa mhadhiri ni jambo jema, lakini adabu ya mhadhiri kwa mwanafunzi, ambaye hawezi kumfanya lolote, ndiyo inayotujulisha mhadhiri ni mtu wa namna gani.

Kipimo hichohicho kinawahusu wanaharakati. Juni 2024 vijana wa Kenya waliupinga Muswada wa Fedha barabarani. Wengine waliuawa, na Rais William Ruto akalazimika kuuondoa muswada huo. Sote tuliona ujasiri wao. Wengi hawakuwatazama sana mawakili waliojitolea kuwatoa vijana vituoni, wala wahudumu wa afya waliofunga majeraha chini ya moshi. Wale walikuwa waungwana wa mapambano yale. Na ipo aina nyingine ya mpiganaji tunayoijua, anayewaita wenzake watoke barabarani huku yeye akiandika kutoka mahali salama kwa jina la bandia. Sisemi kila ajifichaye ni mwoga. Zipo nchi ambako jina halisi ni hukumu. Nasema anayeita wengine kwenye risasi ana deni la kujiuliza kila siku: nikikosea, atakayezikwa ni nani?

Lakini hasa nawaandikia watumishi wa umma, kwa sababu historia ya dhuluma kwa sehemu kubwa ni historia ya karatasi zilizosainiwa. Hakuna mtu anayepotea, kijiji kinachohamishwa au fungu la fedha za dawa linaloyeyuka bila dokezo kuandikwa, gari kutolewa, dereva kupangwa. Kila hatua ina mtu ambaye angeweza kusema, "Naomba agizo hili kwa maandishi." Sentensi hiyo fupi imekwisha kuzuia maovu mengi kuliko tunavyoweza kuhesabu, kwa sababu uovu uliozuiwa hauachi kumbukumbu. Anayeitamka anaweza kuhamishiwa kituo cha mbali na kunyimwa cheo kwa miaka. Ana watoto wa kusomesha. Hatakuwa na mnara.

Na mambo yanapoharibika ofisini, mnajua mwelekeo wa kawaida wa lawama: kutoka kwa katibu mkuu hadi kwa mkurugenzi, kutoka kwa mkurugenzi hadi kwa ofisa, kutoka kwa ofisa hadi kwa karani au mlinzi wa getini, ambaye hana wa kumshushia. Lawama hufuata njia ya maji. Kila mkuu anayeizuia mezani pake, hata kwa kosa dogo la mhasibu wake, anafanya kwa kiwango chake lile lililofanyika mwaka 1977.

Tusiziondoe silaha za jadi kwenye mnara. Waliozibeba walistahili, na mashujaa 67 wa Songea hawatupunguzii lolote kwa kukumbukwa. Ninachopendekeza ni kazi ndogo kwa shule, vyuo na idara zetu kabla ya tarehe 25 Julai au 20 Oktoba ijayo. Katika kila wilaya wapo wazee wanaomkumbuka mtendaji aliyekataa kuchoma nyumba za wananchi, mwalimu aliyemficha mwanafunzi, muuguzi aliyekataa kuandika sababu ya uongo ya kifo, askari aliyefyatua hewani. Wengi wao walikwisha kustaafu kimya, baadhi bila mafao kamili. Tukawaulize wazee hao, tuyaandike majina hayo kwa ridhaa ya wenyewe au ya familia zao, na siku hiyo tuyasome hadharani baada ya kuwekwa shada la maua. Kazi hiyo haihitaji bajeti, na wazee wenyewe hawatatungoja sana.